Mwezi wa Mwingi, Upinde wa Makindu

Kidani kilekile, kilichofuliwa kwa nyundo ileile, kilikuwa mwezi mchanga kikifika Mwingi na upinde wa mvua kikibaki Makindu. Kule kilinunuliwa na wake za wafanyabiashara wa mifugo waliotoka upande wa Garissa, Waislamu watupu. Huku kilivaliwa na akina mama wa kanisa letu siku ya Jumapili. Sikumdanganya mteja hata mmoja. Tofauti ilikuwa mahali pa kitanzi tu: ukikitundika pembe zikitazama juu ni mwezi, zikitazama chini ni upinde. Kazi hiyo niliifanya tangu miaka ya sitini mpaka macho yalipokataa katika miaka ya tisini, na nyinyi vijana mnaoshika koleo sasa huniuliza kila mara nani alibuni jambo hilo. Nitawaeleza niliyoyaona mwenyewe, na nikifika kwenye yale niliyosikia tu, nitawaambia.

Lakini kwanza nieleze hili neno fedha, maana limenitesa. Mtu akisikia nilifanya kazi ya fedha hudhani nilikuwa karani wa benki. Shangazi yangu kule kwetu Migwani, Kitui, aliwatangazia majirani, "Kimanzi wetu siku hizi anapika fedha Makindu." Maneno hayo yalisafiri, na asubuhi moja naibu wa chifu akaingia kibandani na askari nyuma yake, akauliza mashine ya noti iko wapi. Mwalimu wangu, Mzee Kartar, hakuinua macho. Aliwasogezea kiti na chai, akaendelea kupiga tupa. Walipomaliza chai alifungua kiganja kuonyesha kipuli alichokuwa akikisugua.

"Hii ndiyo fedha yetu," alisema. "Ukienda nayo dukani hupati hata kiberiti. Ukienda nayo kwa mama watoto unapata ugali wa moto."

Naibu aliondoka ameagiza vipuli viwili vya mkewe. Askari naye alirudi siku ya pili, peke yake, bila kofia, akaagiza vyake.

Mzee Kartar alikuwa Singasinga aliyezaliwa Makindu, baba yake akiwa fundi wa reli. Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu, na alipenda kunisahihisha mbele ya wateja. "Huyu ni Mkamba wa kuazima," aliwaambia, "wa Kitui walituazima." Nilifika kwake nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, najua jambo moja tu, kuvuta waya. Umau, yaani babu yangu, alikuwa mmoja wa wale wazee waliosuka mikufu ya shaba myembamba ambayo Wakamba tulijulikana kwayo. Alinifundisha kupitisha waya kwenye chuma chenye matundu, tundu kubwa kwanza, halafu dogo, halafu dogo zaidi, huku ukiupaka nta ya nyuki usikatike. Kartar aliushika mkufu niliokuja nao, akautikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa.

"Kuvuta unajua," alisema. "Sasa tuone kama unajua kuacha."

Sikuelewa. Nilielewa mwaka uliofuata, na hapo ndipo penye somo langu la kwanza kwenu. Fedha haitoi onyo la kutosha. Unaipasha moto, inabaki nyeupe, inakuwa ya waridi, halafu ghafla uso wake unang'aa kama kioo. Ukiona kioo hicho umebakiwa na muda wa kuvuta pumzi mara moja. Ondoa moto. Usijiambie "kidogo tu." Kidogo tu ndiyo iliyogeuza kidani changu cha kwanza kuwa tone moja la duara, na Kartar akalitazama akasema, "Safi. Umetengeneza mwezi wa kumi na nne. Mimi nilikuwa naomba mchanga."

Hilo umbo la mwezi tulilipata kwa ajali ya barabarani, kama vitu vingi Makindu. Gari la mama mmoja mzungu lilichemka maji kwenye barabara ya Mombasa, naye akalala siku kadhaa katika hekalu la Masingasinga, ambako msafiri hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini yake. Shingoni alivaa kidani cha fedha chenye umbo la mwezi mchanga, pembe chini, tumbo juu, kimejaa vipunje vidogo vya fedha vilivyopangwa kwa mistari. Kitanzi chake kilikuwa kimelika. Alituletea tukiunge.

Alituambia kwamba kwao Ulaya wanawake walivaa vidani vya namna ile zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wakulima huvikuta shambani wakilima, wengine huvichimbua makaburini. Walivivaa kabla ya kanisa kufika, na kanisa lilipofika hawakuvivua, ila wengine waliongeza msalaba kati ya pembe. Chake kilikuwa kipya, kimefanywa na fundi wa kwao kwa kuiga vile vya kale.

"Kwa hivyo ni mwezi?" Kartar akamuuliza.

"Wengi husema mwezi. Wengine husema kitu kingine. Waliovivaa hawakuandika."

Kartar aliipenda sana ile kazi ya vipunje. Akamwomba ruhusa, akakikandamiza kidani kwenye kipande kipya cha sabuni ya kufulia, kikaacha alama yake yote, mpaka punje ya mwisho. Mama yule akaenda zake Mombasa, nasi tukabaki na sabuni. Ilitufundisha vizuri kwa muda, hadi siku mke wa Kartar alipoichukua akafulia vilemba. Kartar aliikuta ni nyembamba kama jani, laini, haina hata nukta. Alikaa chini. "Watu wale wamekaa ardhini miaka elfu," alisema, "na leo wameishia kwenye karai la mama." Tangu siku hiyo umbo lilitoka mkononi mwetu, wala si kwenye kielelezo, na nadhani ndiyo maana lilianza kuwa letu.

Nawapa namna ya kulifanya, kwa kuwa nasikia siku hizi mnanunua vipunje tayari kwenye pakiti. Tulipata fedha kutoka kwa bangili kuukuu, rupia za zamani, na zile riale kubwa zenye sura ya mama mnene, zilizokuja na wafanyabiashara wa mifugo. Uliyeyusha, ukamimina, ukafua kwenye fuawe mpaka iwe bamba, ukiipasha kila mara ili isipasuke. Ukakata mwezi kwa mkasi wa bati. Halafu vipunje: unakata waya mwembamba vipande vidogo, unavitandaza kwenye unga wa makaa, vikipata moto vinajikunja vyenyewe kuwa duara. Hutumii kinu wala mashine. Fedha iliyoyeyuka ikiwa kidogo hupenda kuwa duara, basi.

Kuvipanga ndiyo taabu. Kule pwani na mijini mafundi walikuwa na gundi za dukani. Sisi tuna migunga. Utomvu wa mgunga ukiuloweka majini unakuwa gundi safi. Unachanganya na boraksi kidogo, unga mweupe unaofanya lehemu itiririke, halafu unachukua punje mojamoja kwa ncha ya unyoya. Usizungumze. Usicheke. Mimi nilipiga chafya juu ya kazi ya siku nzima, na punje zikatapakaa sakafuni. Kartar alikuja akasimama mlangoni.

"Umepanda mawele?"

"Nimepiga chafya, mzee."

"Mvua yenyewe hakuna. Ungesubiri msimu."

Na la mwisho kuhusu moto. Tumbo la mwezi ni nene, pembe ni nyembamba. Mwanagenzi hupeleka moto kwenye pembe kwa kuwa ndiko anakoogopa, na pembe zinayeyuka wakati tumbo bado linalala. Anza tumboni. Pembe zitajipasha zenyewe. Mkishamaliza, tia kidani kwenye maji ya ukwaju yaliyochemka, weusi wote utatoka, kisha sugua kwa majivu laini. Ukambani hatujawahi kukosa ukwaju hata mwaka wa njaa.

Sasa nije kwa Kavinya, kwa sababu bila yeye kidani kingebaki kidani tu.

Barazani mwa duka la jirani alikaa msichana na cherehani yake, akishona sare za shule na magauni ya harusi za watu. Mwanzo nilikwenda kuomba uzi wa kufungia kazi. Baadaye nilikwenda kuomba uzi nikiwa na uzi mfukoni.

"Wewe Kimanzi," aliniambia siku moja, "huo uzi unakula au unashona?"

"Unaisha haraka."

"Mwambie Mzee Kartar akununulie bunda. Au sema unachotaka, mimi nina kazi."

Nikasema nilichotaka. Alinyonga gurudumu la cherehani mpaka nikaondoka. Lakini jioni aliniletea bunda zima la uzi mweupe, akasema, "Sasa ukija, uje na sababu nyingine." Miezi michache baadaye tulikuwa tumekubaliana, na swali likabaki moja: baba yake.

Mzee Mutua alikuwa mzee wa kanisa katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Makindu, mfugaji wa nyuki, mtu mrefu asiyependa kurudia neno. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na yeye ndiye aliyeongoza maombi ya mvua kila Jumatano. Hakuwa na tatizo na Kitui, hakuwa na tatizo na mkono wangu mtupu. Tatizo lilikuwa mwezi.

Ilikuwa hivi. Kila nilipokwenda nyumbani Migwani nilipitisha vidani Mwingi. Mara ya kwanza nilimwonyesha Mama Halima, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, mama mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya lori. Alikishika kidani, pembe chini kama tulivyokiona kwa yule mama mzungu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Fundi, huu mwezi umeanguka?"

"Ndivyo ulivyo, mama."

"Sisi tunaungoja mwezi wote tumekodoa macho juu ya ukuta, wewe unaniletea umelala kifudifudi. Usimamishe, nitachukua. Na dada zangu watachukua."

Nikahamisha kitanzi. Badala ya kimoja mgongoni mwa tumbo, nikaweka vidogo viwili kwenye ncha za pembe, mkufu ukashika huku na huku. Vikaisha vyote. Nilipofika mara ya pili walikuwa wananingoja. Dereva mmoja wa lori wa huku kwetu alikuwa akiona biashara ile, na sikujua kuwa ni mshirika wa kanisa la Mzee Mutua. Alichopeleka kule nyumbani ni kwamba kijana anayemtaka Kavinya anawatengenezea watu wa Mwingi miezi.

Mzee Mutua alimwita binti yake. Haya niliambiwa na Kavinya mwenyewe, siku ileile, macho yamemvimba.

"Amesema hana neno na Waislamu, ni majirani, na asali yake wananunua. Lakini amesema mkwe wake hawezi kuwa fundi wa alama ya dini nyingine huku yeye ni mzee wa kanisa. Watu watasema Mutua anaomba mvua huku na mwezi kule."

"Ni pambo tu, Kavinya."

"Mimi najua. Amesema ulete mbuzi wako, atakusikiliza. Lakini siku akiona huo mwezi ndani ya boma lake, mbuzi watarudi na wewe utarudi nao. Na unajua baba hasemi mara mbili."

Kwa wasiojua: kwetu Ukambani kuna mbuzi wa ntheo. Unaweza kufunga ndoa kanisani, ukapata watoto na wajukuu, lakini kama mbuzi hao hawakupelekwa na kupokelewa, bado hujaoa. Ulimwazima binti wa watu. Na wakikataliwa, mlango umefungwa kweli, hakuna mshenga wa kuufungua. Kavinya aliniambia kwamba hatanifuata bila baraka ya baba yake. Hakuniambia kwa hasira. Aliniambia huku akikunja sare ya mtoto wa shule, akainyoosha kola kwa kidole.

Niliacha kutengeneza vidani kabisa kwa muda. Nikafanya bangili, nikafanya vijiko. Kartar alikuwa akiweka vijiko vyangu mahali pa nyuma kabisa pa kabati.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mbuzi walipelekwa na baba mdogo, Mwangangi, aliyesafiri kutoka Migwani na wazee wawili. Baba mdogo alikuwa mtu wa shangwe. Alikuwa na imani kwamba kitu chochote kizuri kikipambwa kitakuwa kizuri zaidi. Nilimweleza kila kitu kuhusu mwezi, polepole, mara kadhaa. Aliitikia kwa kichwa kila mara. Kilichompata baadaye, alivyonieleza, ni kwamba alisikia "Mzee Mutua hataki fundi," akaona kwamba dawa ni kumwonyesha Mzee Mutua jinsi fundi alivyo hodari.

Tulitembea kutoka barabarani, yeye mbele na mbuzi, mimi nyuma na mzigo wa sukari na mablanketi. Vumbi lilikuwa jingi, mbuzi nikaona migongo tu. Tulipofika langoni beberu wa mbele akageuka kunitazama, kama mtu anayeuliza kama tumefika. Kifuani mwake kilining'inia kidani changu.

Baba mdogo alikuwa amekitoa kwenye mfuko wangu wa vifaa kibandani, kilichosalia humo. Kilikuwa cha ule mtindo wa kwanza, chenye kitanzi kimoja mgongoni. Lakini baba mdogo alikuwa na kamba ya katani, nene kuliko tundu la kitanzi, hivyo alikuwa amefunga huku na huku kwenye pembe. Kidani kikawa kimekaa pembe juu, vipunje vyake vyote vinang'aa kwenye jua la saa kumi na moja. Kwenye manyoya meusi ya yule beberu kilionekana hata kutoka barabarani.

"Baba mdogo, toa," nilimnong'oneza.

"Toa nini? Tazama alivyopendeza."

Mzee Mutua alikuwa amekwisha kusimama. Wazee wa upande wake walikuwa wamekaa kwenye viti, wanawake wako kwenye mlango wa jiko, Kavinya katikati yao. Mzee alikuja mpaka kwa beberu, akainama kidogo, mikono mgongoni. Kisha akanyooka akawageukia wazee wenzake.

"Hata mbuzi amesilimu," alisema.

Kutoka jikoni mtu alicheka, akazuia kicheko kwa kitambaa. Alikuwa mama yake Kavinya. Wazee walitazama chini. Baba mdogo Mwangangi, Mungu amrehemu, alidhani ni sifa, akasema, "Ndiyo, mzee, na ni kazi ya mkono wa kijana mwenyewe."

"Naona," akasema Mzee Mutua. Kisha akanikabili mimi. "Kimanzi, nilisema nini?"

"Ulisema, mzee."

"Nami nimeona. Jua linashuka na njia ni ndefu, mimi sifukuzi wageni usiku. Mbuzi watalala zizini. Asubuhi mtanywa chai, kisha mtarudi nao."

Tulilazwa kwa jirani. Baba mdogo alikuwa ameelewa sasa, na hakula. Aliniomba nimwache akakifungue kile kidani. Nikamwambia hakuna faida, kimeshaonekana. Ndivyo nilivyofikiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuanza kufunga mablanketi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kuanzia hapa nasema tu yale niliyoyaona. Asubuhi tuliitwa kunywa chai. Tulikuta wazee walewale kwenye viti vilevile. Mzee Mutua alikuwa amesimama mbele ya zizi. Mbuzi walikuwa wametolewa. Beberu mweusi alikuwa bado na kidani, lakini ile kamba ya katani haikuwepo. Kidani kilikuwa kimetundikwa kwa kitanzi chake, tumbo juu, pembe chini, kama tulivyokiona kwa mama wa lile gari. Kilining'inizwa kwa uzi mweupe uliokunjwa mara nyingi ukasokotwa, mwembamba wa kutosha kupita kwenye tundu.

Mzee Mutua alikuwa akikitazama. Mama yake Kavinya alipita na sufuria ya chai, akasimama nyuma ya mumewe, kwa mbali, kwa sababu yangu, nitaeleza. Mumewe akamuuliza bila kugeuka, kwa sauti ya wote kusikia:

"Mama Kavinya, hiki ni nini?"

Alichungulia. "Mimi naona upinde wa mvua, Baba Kavinya."

"Upinde."

"Na hayo madogomadogo ni matone."

Mzee Mutua akaitikia kwa kichwa taratibu. Akawatazama wazee wenzake mmojammoja. "Jana niliona mwezi," alisema. "Mnakumbuka nilisema nikiona mwezi. Leo asubuhi, mbele yenu, kuna mwezi hapa?"

Mmoja wa wazee, mwenye meno machache, akasema, "Mimi naona upinde. Na sisi ndio tunaomba mvua."

"Basi fungueni mbuzi waingie kwenye kundi langu," akasema Mzee Mutua, "halafu mmpe huyu Mwangangi chai, naona jana hakula."

Mvua haikunyesha siku ile, wala wiki ile. Nasema hivyo kwa sababu watu wa Makindu wameshaiongeza kwenye hadithi, na mimi nilikuwepo, nilirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini Jumapili ya pili mke wa yule mzee wa meno machache alikuja kibandani akaniuliza kama nina upinde. Baada yake alikuja mwalimu wa kwaya. Mzee Kartar alinisikiliza nikieleza mambo yote, akaenda kwenye kabati, akatoa vijiko vyangu vyote akavitia kwenye chungu cha kuyeyushia. Mama Halima naye nilipomsimulia kule Mwingi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mbuzi wako angesubiri," alisema, "angepata shahada kwangu kwanza." Akaongeza oda.

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote iliyofuata. Baadaye ikaja mitungi ya gesi, ikaja minyororo ya viwandani, yakaja yale madini meupe wanayoyaita fedha na hayana fedha hata chembe. Ukiyasugua kwenye jiwe na kuyatia tindikali yanakuwa kijani kama majani. Wateja wengi hawakujali. Mimi sikuwahi kuyauza, si kwa utakatifu, ila nilijua Mama Halima angenirushia usoni.

Mnalouliza ni nani alikigeuza. Nimelichunguza kwa muda mrefu kuliko ndoa za watu wengi. Uzi ulikuwa wa cherehani ya Kavinya, huo naujua, nilikuwa na bunda lake zima. Lakini Kavinya alilala chumba kimoja na shangazi yake, aliyeweka kitanda mbele ya mlango makusudi, kwa sababu yangu, na shangazi ameapa kwamba mlango haukufunguka. Uzi mwenyewe ulikuwa nyumbani kote. Mama yake alishonea mito. Fundo, kwa upande mwingine, halikuwa la mshonaji. Nilikifungua mwenyewe kile kidani shingoni mwa beberu baada ya chai, nikalitazama fundo lile vizuri: lilikuwa la kutundikia mzinga mtini, ambalo hukaza zaidi kadiri mzigo unavyovuta. Mzee Mutua alilifunga fundo hilo maisha yake yote. Lakini ni nani aliyesimama chini ya mti akimpa kamba, msimu baada ya msimu? Mkewe.

Kumuuliza mama mkwe sikuweza. Kwetu kuna nthoni, ile haya ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe: hamkai karibu, hampeani mzaha, na swali kama lile lingekuwa utovu wa adabu. Nilimtuma Kavinya. Jibu lililorudi lilikuwa, "Mwambie mume wako mimi naogopa mabeberu." Nilipotazama, Kavinya mwenyewe alikuwa anacheka, na sikujua anacheka jibu au ananicheka mimi.

Mzee Mutua nilimuuliza mara moja, ana kwa ana. Tulikuwa tumezeeka kidogo sote wawili, tunavuna asali, na nilimwona akifunga fundo lile juu ya mti. Nikamwuliza. Alimaliza kulikaza kwanza, akalijaribu kwa kulivuta.

"Kimanzi," alisema, "mbuzi walilala nje. Mimi nililala ndani."

Akashuka. Mama mkwe alikuwa chini, ameshika ngazi, akitazama upande mwingine kama heshima inavyotaka. Nilimsikia akisema, si kwangu, aliisema kwa ile ngazi, "Mlango wa ndani ulifunguka usiku ule. Mimi niliusikia." Mzee Mutua akamtazama. Mama mkwe hakusema ni nani aliyetoka, wala mumewe hakumuuliza, na wote wawili sasa wamelala kaburini hapo nyuma ya mizinga.